Haki ya Mola na Haki ya Nyumba

Hapana jambo limfurahishalo mzazi Mwislamu kama kumwona mwanawe ameshika njia ya msikiti. Lakini ziko nyumba ambazo furaha hiyo hugeuka huzuni. Kijana aliyekuwa mchangamfu na mwenye bidii, akisha kuonja utamu wa ibada, huanza kuiona kazi yake kuwa mzigo, masomo yake kuwa upuzi, na mazungumzo ya mama yake kuwa kupoteza wakati. Aliye na mke humwacha peke yake usiku kucha, na mchana yeye yu usingizini. Akiulizwa, hujibu ya kuwa ameipa kisogo dunia.

Upande wa pili yuko baba ambaye tangu alfajiri hata usiku yumo dukani. Akikumbushwa sala, husema ya kuwa kuwatafutia watoto nako ni ibada. Kila mmoja katika wawili hawa ana ukweli kidogo mkononi mwake, na kwa ukweli huo kidogo anaificha haki kubwa aliyoiacha.

Jambo hili si geni katika umma wetu. Lilitokea Madina, katika zama za Mtume wetu (S.A.W.), nalo likawapata watu walio bora kuliko sisi. Mtume (S.A.W.) aliwafunga udugu Salman Alfarisi na Abu Dardaa (R.A.). Siku moja Salman alikwenda kumzuru nduguye, akamkuta mkewe, Ummu Dardaa, amevaa nguo za kazi na hakujipamba. Alipomwuliza sababu, alimjibu ya kuwa nduguye hana haja tena na dunia. Abu Dardaa alipofika alimwandalia mgeni chakula, mwenyewe akasema amefunga. Salman akakataa kula mpaka nduguye ale, naye akala. Usiku Abu Dardaa alitaka kusimama kusali, Salman akamwambia alale. Akataka tena, akamwambia alale. Ulipofika mwisho wa usiku, Salman akamwamsha, wakasali wote wawili. Kisha akamfahamisha ya kuwa Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki, na mkewe ana haki, basi ampe kila mwenye haki haki yake. Khabari zilipofikishwa kwa Mtume (S.A.W.), aliyasadikisha maneno ya Salman.

Natuitazame vizuri khabari hii. Salman hakumkataza nduguye sala ya usiku, bali aliiweka mahali pake, wakaisali pamoja. Wala hakujua hali ya Abu Dardaa kwa kumtazama msikitini. Aliijua kwa kuitazama nyumba yake. Mke aliyekata tamaa ndiye aliyekuwa shahidi wa kwanza. Basi nasi tukitaka kujua kama ibada zetu zimenyooka, tusijiulize wenyewe tu, bali tuwatazame wale tunaokaa nao.

Iko khabari nyingine iliyo karibu na hiyo, nayo yawafaa khasa vijana. Abdalla bin Amri bin Al-Asi (R.A.) alikuwa kijana mwenye nguvu, akifunga kila siku na kusali kila usiku, hata baba yake akaona ya kuwa mke aliyemwoza mwanawe amesahauliwa. Mtume (S.A.W.) akamnasihi afunge siku tatu katika kila mwezi. Kijana akasema aweza zaidi. Akaongezewa kidogo kidogo, naye kila mara akisema aweza zaidi, mpaka ikafika saumu ya Nabii Daudi (A.S.), ya kufunga siku moja na kula siku moja. Miaka ikapita, Abdalla akawa mzee, mwili ukadhoofu, naye hakupenda kuliacha jambo alilofarikiana nalo na Mtume (S.A.W.). Hapo ndipo alipotamani lau angaliikubali ile rukhsa ya mwanzo. Kijana huzipima ibada kwa nguvu za leo, lakini Mwenyezi Mungu humpenda mja kwa amali idumuo, hata ikiwa ndogo.

Pengine msomaji atasema, “Mimi nikiwa darasani moyo wangu hulainika, nikirudi kwa watoto nuru ile hunitoka. Je, si afadhali nikae huko huko?” Khofu hiyo hiyo ilimwingia Hanzala (R.A.), hata akadhani amekuwa mnafiki, kwa kuwa mbele ya Mtume (S.A.W.) alikuwa kana kwamba aiona Pepo na Moto kwa macho, na akirudi kwa mke, watoto na mali, husahau mengi. Abubakar (R.A.) aliposikia, alikiri ya kuwa naye humpata yayo hayo. Mtume (S.A.W.) aliwatuliza kwa kuwafahamisha ya kuwa lau wangedumu katika hali ile, malaika wangewapa mikono njiani na vitandani mwao, lakini mambo ni saa kwa saa. Basi kupungua huko ndio ubinadamu, wala si unafiki.

Huku kwetu pwani tumeona mfano ulio karibu. Sheikh Abdalla Saleh Farsy alikuwa mwalimu wa skuli Unguja kwa miaka mingi, na mwaka 1968 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Katika maisha hayo yaliyojaa kazi za watu, aliifasiri Qurani kwa Kiswahili, na tafsiri yake nzima ikatoka mwaka 1969.

Basi, ewe kijana, anza kwa sala tano kwa wakati wake na kurasa chache za Qurani ambazo hutaziacha hata siku ya shughuli. Kisha rudi nyumbani, ule na mama yako, umsikilize. Nawe, ewe baba, wakati unaoupata wa kunywa chai unatosha kwa sala ya Adhuhuri. Na Magharibi moja ukisali na wanao ni darasa wasilolipata kwa mwalimu yeyote.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atuwafikie kumpa kila mwenye haki haki yake, na atujaalie wema wa dunia na wa akhera. Amin.