Darubini ya Kujitengenezea Nyumbani na Mwezi Mwandamo

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (s.w.), Aliyeujaalia mwezi kuwa kipimo cha nyakati zetu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake.

Kila inapofika jioni ya tarehe 29 Shaaban, Waislamu wa Kilwa, Lindi na pwani yote hii hutoka kuutafuta mwezi, na swali hurudi lile lile: je, darubini yafaa? Katika makala haya tutaeleza darubini ambayo msikiti au madrasa yaweza kujijengea, kisha tutaitazama hukumu yake. Tumeyaweka mawili haya pamoja kwa sababu namna chombo kinavyofanya kazi inaigusa hukumu yenyewe.

CHOMBO CHENYEWE

Darubini hii huitwa Dobsonian, kwa jina la John Dobson (1915-2014), aliyekuwa mtawa huko San Francisco, Marekani. Kwa kuwa hakuwa na mali, alizijenga kwa mbao na vifaa vya bei ndogo. Ndani yake mna kioo kilichobonyea kinachokusanya mwanga. Elimu ya vioo vya namna hii si ngeni kwa Waislamu: Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra mwaka 965, aliandika jinsi kioo kilichobonyea kinavyoikusanya miale ya jua mahali pamoja hata ikaunguza.

Vitu vya kununua ni vitatu: kioo kikuu chenye upana wa milimita 150, kioo kidogo bapa, na lenzi ya kutazamia. Vilivyobaki ni kazi ya fundi seremala: bomba pana la plastiki la kipenyo cha milimita 200 hivi, plaiwudi, skrubu na rangi nyeusi isiyong'aa ya kupaka ndani ya bomba.

KUUNGANISHA

Kwanza, tujue urefu wa mkusanyiko wa kioo. Usiku wa mwezi mpevu, kielekezwe mwezini, na karatasi ndogo isogezwe mbele yake mpaka sura ya mwezi itokee wazi. Umbali kutoka kioo hadi karatasi ndio urefu wenyewe. Tuseme ni milimita 1200.

Pili, kioo kikuu kikae chini ya bomba juu ya ubao wenye skrubu tatu za kurekebishia. Kioo kidogo kikae juu, kimeinama nyuzi 45, ili kiutoe mwanga ubavuni kwenye lenzi. Mahali pake hupatikana kwa kutoa: ikiwa nusu ya upana wa bomba ni milimita 100, na kishikio cha lenzi kina kimo cha milimita 100, basi kioo kidogo kitakuwa milimita 1000 kutoka kioo kikuu.

Tatu, vitu vyote vikiwamo ndani, bomba lilazwe juu ya fimbo mpaka lisawazike. Hapo zifungwe duara mbili za mbao, moja kila upande. Duara hizo zitakaa katika sanduku lililo wazi juu, na sanduku lizunguke juu ya ubao wa chini kwa bolti moja ya katikati. Panapogusana pawekwe vipande vya plastiki ngumu inayoteleza. Bomba lipande na kushuka, lizunguke kushoto na kulia, na libaki pale lilipoachwa.

Nne, vioo vilinganishwe. Tukichungulia kwenye tundu la lenzi kabla ya kuiweka, tukaze na kulegeza skrubu mpaka vioo vyote na jicho letu vionekane katikati.

Lenzi ya milimita 25 itakuza mara 48, yaani 1200 kugawanywa kwa 25. Hiyo yatosha kwa mwezi. Baada ya kazi bomba lifunikwe, maana upepo wa chumvi wa pwani huharibu vioo. Kioo kisifutwe kwa kitambaa kikavu.

TAHADHARI

Kioo kinachokusanya nuru ya mwezi hukusanya pia moto wa jua. Kulitazama jua kwa darubini hii ni kupofuka mara moja. Mwezi mwandamo huwa karibu na jua, basi pasiwe na mtu wa kutazama mpaka jua lizame lote. Watoto wasiachwe nayo mchana.

KATIKA PWANI YETU

Bahari yetu iko mashariki, ilhali mwezi mwandamo huonekana magharibi, upande wa bara. Aliyeko Kilwa Kisiwani huutafuta juu ya miti ya ng'ambo, na wa Lindi mjini ana vilima nyuma ya mji. Kwa hiyo atafutwe mahali palipoinuka, penye magharibi wazi. Bahari nayo ina kazi yake: alfajiri ya siku za mwisho za Shaaban, kabla jua halijachomoza, mwezi mkongwe huonekana juu yake. Darubini irekebishwe kwa mwezi huo, na kishikio cha lenzi kitiwe alama, kwani jioni ya 29 hakuna muda wa kubahatisha.

HUKUMU

Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliwakuta watu wake wakifuata madhehebu ya Imam Shafi, na wengi wetu tungali juu ya hayo. Ibn Hajar al-Haytami, katika Tuhfat al-Muhtaj, amesema kuonekana kwa mwezi kusiwe kwa njia ya kioo na mfano wake. Wanazuoni wengi wa zama zetu wameruhusu darubini, wakisema ni jicho lile lile lililosaidiwa. Baraza la Wanazuoni Wakubwa la Saudi Arabia liliruhusu mwaka 1403 Hijria (1983), bila kuilazimisha.

Darubini yetu ni ya kioo hasa, basi hatuwezi kuipita kauli ya Ibn Hajar kimya kimya. Tunaloshauri ni hili: darubini itumike kupajua mahali mwezi ulipo, kisha watu wapatazame kwa macho matupu. Wakiuona hivyo, khitilafu imeondoka. Ukionekana kwa darubini peke yake, shahidi aseme hivyo waziwazi, na uamuzi abaki nao kadhi au mufti.

Mwenye kupokea ushahidi naye ajue kwamba darubini hii hupindua sura. Katika pwani yetu mwezi mchanga mara nyingi hulala kama mtumbwi, pembe juu, lakini ndani ya lenzi pembe zaweza kuonekana chini. Shahidi mwadilifu akieleza alichokiona katika lenzi, asije akakataliwa kwa kudhaniwa mwongo. Katika madhehebu yetu mwadilifu mmoja hutosha kwa Ramadhani, na wawili kwa Shawwal. Kumpoteza mmoja kwa kutojua chombo ni kuwapotezea watu siku ya saumu.

Wallahu a'lam.