Jengo Lililochomwa Makusudi

Juni 1990 moto ulizuka katika jengo lililokuwa likijengwa Broadgate, London. Vyuma vingi havikuwa vimekingwa bado, vikapinda vibaya, lakini jengo halikuanguka.

Kwa nini? Watafiti wa Uingereza walisimamisha jengo la ghorofa nane ndani ya banda kubwa huko Cardington, na mwaka 1995 na 1996 wakalitia moto mara kadhaa. Baadhi ya boriti zisizokingwa zilifikia nyuzijoto 1,000 na zaidi, joto linalokiachia chuma nguvu kidogo mno. Hata hivyo sakafu ya zege, yenye wavu wa nondo ndani yake, ilining'inia kama machela na kuhamishia mzigo sehemu zilizokuwa bado baridi.

Nguzo ndizo za kuogopewa. Zilipoachwa wazi karibu na dari, zilibonyea.