Nyanya zinazokufa katika bustani yetu: ni kosa la nani?



Munakumbuka namna nyanya za tuta la chini zilianza kulegea mchana, majani yakiwa bado ya kijani. Sisi viongozi wa wanafunzi tulisema: «Wale wa darasa la pili hawanyweshe bustani.» Tukawapatia azabu ya kuchota maji siku tatu. Wakanywesha sana, lakini nyanya zikazidi kufa.

Kisha mwalimu wa bioloji alituonyesha jambo. Alikata kipande cha shina karibu na udongo, akakitia ndani ya glasi ya maji safi bila kukitikisa. Nyuma ya dakika chache kitu cheupe sawa maziwa kikashuka kama uzi. Uzi ule ni bakteria, jina lake Ralstonia solanacearum. Inaingia kwa mizizi na kuziba njia za maji ndani ya shina. Basi mmea unakufa na kiu hata kama udongo umelowa. Na yale maji ya azabu yaliweza kuibeba paka kwa shina lingine!

Sasa tufanye nini?

1. Mmea wenye ugonjwa huu hauna dawa. Tuung'oe pamoja na mizizi, tuuchome moto. Tusiutupe katika shimo la mbolea. Jembe lioshwe.

2. Pale pale tusipande tena nyanya, biringanya, pilipili, viazi vya Kizungu wala tumbako: ni ukoo mmoja, na ugonjwa unaishi katika udongo miaka. Tupande mahindi ao vitunguu.

3. Mildiu ni ugonjwa mwingine, wa mvua na baridi: majani yanapata madoa meusi, na asubui chini yake kunaonekana ukungu mweupe. Tupande kwa nafasi, tufunge mashina kwa vijiti, tutoe majani ya chini na yale yenye madoa, ili upepo upite.

4. Vidukari vinanyonya majani na kubeba virusi toka mmea mpaka mmea. Twanga pilipili kali na kitunguu saumu, lowesha usiku mmoja, chuja, tia sabuni kidogo. Jaribu kwanza kwa majani machache. Nyunyizia magaribi, chini ya majani, na urudilie nyuma ya mvua. Angalia macho yako! Yule mdudu mdogo mwekundu wa madoa meusi usimuue: anakula vidukari, ni mfanyakazi wetu bila mshahara.

Nyanya zinazobaki ndizo mboga ya sisi wote tunaolala hapa shuleni. Kwa hiyo siku ya posho sisi wa darasa la sita tutang'oa lile tuta kwa mikono yetu.

Na ninyi wa darasa la pili, azabu ile haikuwa ya haki. Tunawaomba musamaha. Siku nyingine tutakata shina kwanza, kisha tutasema.