Kina Kifupi si Kinga



Hapa Mkwajuni maji tuliyoyazoea ni ya visima na ya Ziwa Rukwa. Lakini baadhi ya watoto wetu huenda kufanya kazi katika hoteli za Unguja na Mafia, na huko hujifunza kuzamia wakiwa na mtungi wa hewa mgongoni, wawaongoze wageni kwenye matumbawe. Wakituambia, "Mama, usiogope, ni kina kifupi tu," tuwajibu nini?

Tuwaeleze kwamba kina kifupi si kinga. Mita 10 chini ya maji mgandamizo juu ya mwili huwa mara 2 ya ule wa nchi kavu. Mita 20, mara 3. Mtu aliyevuta hewa ya mtungi akiwa mita 10, kisha akabana pumzi na kupanda, hewa hiyo hutanuka mara 2 kabla hajafika juu. Mapafu huweza kupasuka kama mpira uliojazwa kupita kiasi, na mapovu ya hewa yakaingia katika damu hadi kwenye ubongo. Ajali hii huweza kutokea hata katika mita 1 na nusu.

Basi tuwakumbushe haya:

1. Wasibane pumzi kamwe. Wapumue mfululizo na kupanda polepole, wasizidi mita 9 kwa dakika.

2. Mwenye mafua asizamie. Masikio yasipozibuka, kiwambo cha sikio huweza kupasuka.

3. Aliyezamia mara kadhaa asubiri angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege. Hata basi la kuja huku hupanda milima: mji wa Mbeya uko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Huko hewa ni nyepesi, na naitrojeni iliyobaki mwilini huweza kufanya mapovu.

Dalili za hatari ni maumivu ya viungo, ganzi, kizunguzungu, kifua kubana, kupooza au kuzimia. Mgonjwa alazwe chali, apewe oksijeni na kupelekwa hospitali upesi. Asirudishwe majini. Tena daktari aambiwe kwamba alizamia, maana sisi wa bara huweza kudhani ni malaria au kiharusi.

Wazazi, mtoto akipiga simu kusema anakuja likizo, tumwulize kwanza: "Umezamia lini mara ya mwisho?" Haraka haraka haina baraka.