Ganda la Risasi: Sababu ya Bunduki Nyingi za Kale Kunyamaza

Tarehe 17 Agosti, 1891, katika eneo la Lugalo mkoani Iringa, wapiganaji wa Mtwa Mkwawa walikishinda kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski, ambaye aliuawa katika mapambano hayo. Bunduki nyingi zilitekwa. Hata hivyo, ushindi huo uliambatana na tatizo: bunduki hizo zilitumia risasi zenye ganda la shaba ya njano, na ganda hilo lilitoka kiwandani Ulaya.

Hapo ndipo ilipo tofauti kati ya bunduki hizo na gobore. Gobore hushindiliwa baruti na gololi kupitia mdomo wa mtutu, hivyo mwenye baruti huweza kuendelea kulitumia. Bunduki ya risasi za ganda, ingawa ni bora zaidi, hugeuka rungu pindi risasi zake zinapokwisha.

Ganda hutengenezwa kwa mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Baruti inapolipuka, ganda hutanuka na kuziba chemba ili moshi na moto visirudi nyuma kwa mpigaji, kisha hunywea kidogo na kutolewa. Likijazwa upya, shaba yake huwa ngumu zaidi kila mara na kupoteza unyumbufu, hadi mdomo wake unapopasuka. Chemba iliyopanuka kwa uchakavu huharakisha madhara hayo. Aidha, masalia ya baruti nyeusi hunyonya unyevu na kuila shaba. Ganda likikatika karibu na kitako, moto huweza kumrudia mpigaji usoni.

Tatizo la risasi liliwakabili pia Wajerumani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mwezi Aprili, 1915, meli ya Rubens iliyoleta silaha ilishambuliwa na Waingereza na kuzama katika Ghuba ya Manza, kaskazini mwa Tanga. Shehena iliopolewa, lakini maji ya chumvi yalikuwa yameharibu baruti na fataki. Kwa miezi kadhaa askari waliwekwa Moshi kufumua risasi, kusafisha baruti na kubadilisha baadhi ya fataki. Risasi ambazo takriban asilimia 20 zilikataa kulipuka zilipelekwa vitani. Zilizokuwa mbovu zaidi zilitumika kwa mazoezi, na zile nzima zilihifadhiwa kwa ajili ya bombomu.

Mwaka 1916 vita hivyo viliingia Nyanda za Juu Kusini. Majeshi ya Jenerali Edward Northey yalipita Tukuyu, ambayo leo ipo mkoani Mbeya, na kuingia Iringa mwezi Agosti mwaka huo.

Historia hiyo ina funzo kwa wananchi wa leo. Risasi kuukuu inayoibuliwa na jembe au mvua haipaswi kudhaniwa kuwa imekufa, kwani ganda lililooza huweza kuwa bado na fataki hai. Isigongwe, isichomwe moto wala isiuzwe kama chuma chakavu. Anayeiona aiache ilipo, awazuie watoto kuisogelea na atoe taarifa kwa uongozi wa kijiji au kituo cha polisi. Umiliki na utengenezaji wa risasi unasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na kujaza upya maganda ya kale kwa siri ni kuhatarisha maisha.