Lisemwalo lipo?

Wazee wetu wametuachia msemo kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Aghalabu msemo huu hutumiwa na mwenye kutetea uvumi, akitaka kutuambia kwamba hapana neno livumalo bure. Leo tunaomba kuutumia kwa kazi nyingine. Tunataka kupima nao madai yaliyotikisa dunia mwanzoni mwa karne hii, kwamba serikali ya Saddam Hussein wa Iraq, isiyokuwa ya kidini, ilishirikiana na kundi la Al-Qaeda la Osama bin Laden, lililodai kupigana kwa jina la Uislamu. Madai hayo, pamoja na yale ya silaha za maangamizi, ndiyo yaliyotolewa na Marekani kuwa sababu kubwa za kuivamia Iraq mwezi wa Machi mwaka 2003.

Mjadala huu si wa mbali nasi. Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu ya Al-Qaeda yaliripuka katika balozi za Marekani mjini Nairobi na Dar es Salaam. Watu 224 walipoteza maisha, 11 kati yao wakiwa Dar es Salaam. Miongoni mwa waliohukumiwa baadaye huko Marekani walikuwamo wenyeji wa Zanzibar. Kwa hiyo tunapouliza nani alishirikiana na nani, hatuulizi kama watazamaji wa ngoma ya jirani. Tumekwisha kuzika, na tumekwisha kutazamwa kwa jicho la shaka.

Tuanze na Saddam mwenyewe. Chama chake cha Baath kilitwaa madaraka mwezi wa Julai 1968, naye akawa Rais mwaka 1979. Itikadi ya chama hicho ilikuwa umoja wa Waarabu na ujamaa, na dini ilitakiwa iwe chini ya dola. Mwanachuoni aliyethubutu kusimama kinyume alilipa kwa roho yake, kama alivyouawa Ayatollah Muhammad Baqir al-Sadr mwezi wa Aprili 1980. Mwaka huo huo Saddam aliingia vitani na Iran, dola iliyoongozwa na maulamaa, akapigana nayo miaka minane.

Ni kweli kwamba baadaye alivaa joho jingine. Mwezi wa Januari 1991, baada ya kuivamia Kuwait, aliamuru maneno “Allahu Akbar” yatiwe katika bendera ya taifa, na mwaka 1993 akaanzisha Kampeni ya Imani. Wapo waliosema kwamba mtawala huyo sasa amekuwa mmoja na watu wa siasa kali. Kwa maoni yetu, alichokitaka Saddam ni kuushika msikiti kabla msikiti haujamshika yeye. Mtawala wa mabavu huishika dini kama ashikavyo gazeti na chama cha wafanyakazi, ili pasiwe na sauti isiyokuwa yake.

Ama Bin Laden, naye hakumficha Saddam chuki yake. Iraq ilipoivamia Kuwait mwaka 1990, Bin Laden aliwaendea watawala wa Saudi Arabia akajitolea kuongoza wapiganaji wake dhidi ya jeshi la Iraq, wakamkatalia. Baadaye aliwasaidia wapinzani wa Saddam wenye msimamo wa kidini katika nchi ya Wakurdi. Hata mwezi wa Februari 2003, alipowataka Waislamu wasimame na watu wa Iraq dhidi ya uvamizi, hakusita kuwaita wajamaa wa Baath makafiri.

Hata hivyo, haki inatutaka tuwasikilize pia walioamini kwamba uhusiano ulikuwapo, kwani hawakuwa na hoja za hewani tu. Katikati ya miaka ya 1990 afisa wa ujasusi wa Iraq alikutana na Bin Laden mjini Khartoum. Saddam alimhifadhi Abu Nidal, mtu aliyetafutwa kwa mashambulizi katika nchi nyingi, na alizilipa pesa familia za Wapalestina waliojiripua ndani ya Israeli. Mwaka 2002 Abu Musab al-Zarqawi wa Jordan alikuwa Baghdad kwa miezi kadhaa. Tena siasa ya dunia imejaa mifano ya mahasimu walioungana kwa siku moja dhidi ya adui wao wote wawili. Aliyeuliza swali hilo mwaka 2002 hakukosea kuuliza. Kosa lilikuwa kulijibu kabla ya kulichunguza.

Uchunguzi ulipofanyika, ulifanywa na Wamarekani wenyewe. Mwaka 2004 tume iliyochunguza mashambulizi ya tarehe 11 Septemba 2001 ilieleza kwamba mawasiliano yalikuwapo, lakini haikuona ushahidi kwamba yalizaa ushirikiano wa utendaji. Mwaka 2006 Kamati ya Upelelezi ya Baraza la Seneti ilitoa ripoti kwamba Saddam hakuiamini Al-Qaeda, kwamba aliwaona watu wa siasa kali kuwa hatari kwa utawala wake, na kwamba serikali yake ilijaribu kumtafuta huyo Zarqawi imkamate. Mwaka 2008 ukatolewa uchambuzi wa nyaraka zaidi ya 600,000 zilizotekwa Iraq. Nyaraka hizo zilionyesha misaada ya Saddam kwa makundi mengine kadhaa ya kigaidi, lakini hazikutoa uthibitisho wa ushirika wa moja kwa moja na Al-Qaeda.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yetu. Neno “uhusiano” ni pana mno. Kukutana ni uhusiano, kupelelezana ni uhusiano, kuwa na adui mmoja ni uhusiano, na kupanga mauaji pamoja ni uhusiano vilevile. Kiongozi anayelitumia neno hilo bila ya kulipambanua aweza kumchukua msikilizaji wake kutoka daraja ya kwanza mpaka ya mwisho pasipo msikilizaji kujua kwamba amepandishwa. Mwezi wa Septemba 2003, uchunguzi wa maoni ya wananchi uliotangazwa na gazeti la Washington Post ulionyesha kwamba Wamarekani 69 katika kila 100 waliona yamkini Saddam alihusika yeye mwenyewe na mashambulizi ya Septemba 11. Mwezi huo huo Rais Bush alikiri hadharani kwamba hapakuwa na ushahidi wa jambo hilo. Lakini vita vilikuwa vimekwisha anza.

Nao ushahidi mzito kuliko wote uliosomwa mbele ya Baraza la Usalama na Waziri Colin Powell, tarehe 5 Februari 2003, ulipatikanaje? Ulitoka kinywani mwa mfungwa mmoja wa Libya, Ibn al-Shaykh al-Libi, aliyekamatwa mwishoni mwa mwaka 2001 kisha akapelekwa Misri kuhojiwa. Huko alisema kwamba Iraq iliwafunza watu wa Al-Qaeda matumizi ya sumu. Idara moja ya upelelezi ya jeshi la Marekani ilitilia shaka maneno yake tangu Februari 2002. Mwaka 2004 aliyakana yote, akaeleza kwamba aliyatunga ili kuepuka mateso, na shirika la ujasusi la nchi hiyo likayafuta taarifa zilizotokana nayo. Mtu anayeumizwa husema lile analoona kwamba muulizaji analitaka.

Sasa turejee kwenye msemo wetu. Lililosemwa halikuwapo, lakini lilikuja. Utawala wa Saddam ulianguka mwezi wa Aprili 2003. Mwezi wa Mei jeshi la Iraq lilivunjwa, na maelfu kwa maelfu ya watu waliojua kutumia silaha wakajikuta hawana kazi wala heshima. Mwezi wa Oktoba 2004 Zarqawi alitoa kiapo cha utii kwa Bin Laden, na Al-Qaeda ikawa na tawi ndani ya Iraq. Kutokana na tawi hilo lilichipuka kundi lililouteka mji wa Mosul mwezi wa Juni 2014, na miongoni mwa viongozi wake walikuwamo waliokuwa maafisa katika jeshi la Saddam. Ushirika wa watu wa Baath na watu wa siasa kali, uliotangazwa ili kuhalalisha vita, ulizaliwa na vita vyenyewe.

Tusieleweke vibaya. Hatumtetei Saddam Hussein. Aliyewaua maelfu ya Wakurdi kwa gesi ya sumu huko Halabja mwaka 1988 hana haja ya kusingiziwa kosa jingine ili ajulikane kuwa dhalimu. Lakini dhalimu naye ahukumiwe kwa alilolitenda, kwa sababu gharama ya kumsingizia huwaangukia raia wake.

Kwa viongozi wetu tunalo neno moja. Mwezi wa Juni 2021 mashtaka ya ugaidi yaliyokuwa yakiwakabili masheikh wa Zanzibar yalifutwa, nao wakatoka baada ya miaka mingi rumande bila ya kesi yao kufikia hukumu. Hatusemi kwamba vyombo vya usalama visishuku, maana wenye kukumbuka Agosti 1998 hawawezi kusema hivyo. Tunasema kwamba shaka ipelekwe upesi mbele ya ushahidi, na ushahidi upelekwe upesi mbele ya hakimu. Kijana anayewekwa kundi moja na wauaji kwa kuwa tu aliketi nao darasa moja, aweza siku moja kuwafuata kweli, kwa kuona kwamba hapana mlango mwingine uliobaki wazi.

Na kwa wananchi wenzetu, tusikiapo kwamba fulani ana uhusiano na fulani, tuulize: uhusiano gani, nani aliyeuona, na aliyeusema aliusema katika hali gani? Yaliyowapata watu wa Iraq yanatosha kutufunza kwamba maswali hayo huulizwa kabla ya safari, wala si baada ya jahazi kuzama.