Mia Tano ya Siku ya Kiraia

Yawezekana karatasi hii imekwisha kufika nyumbani kwako. Mtoto huileta Alhamisi jioni, imekunjwa mara nne ndani ya daftari. Imeandikwa hivi, au karibu na hivi: kesho Ijumaa ni siku ya kiraia; kila mwanafunzi avae nguo za nyumbani badala ya sare, na aje na shilingi 500 za kuwasaidia wasiojiweza. Chini kuna muhuri wa shule. Mama husoma, kisha humtazama mtoto, naye mtoto hutazama chini.

Sisi wa Ngerengere neno kiraia twalijua tangu utoto, maana kambi ya jeshi la anga iko hapa kwetu, na askari akitoka kazini huvua magwanda akavaa kiraia. Lakini kwa watoto wa shule desturi hii ni ngeni. Mimi niliisikia kwanza katika shule za kulipia za mjini, na sasa naona yapanda treni kuja vijijini. Nakuomba ukae nami kidogo tuitazame. Jambo lenyewe lina jina zuri la huruma, na mambo yenye majina mazuri ndiyo tunayoyapokea upesi bila kuuliza.

Naanza na habari ya nyumbani kwetu. Dada yangu anakaa Morogoro mjini, na mwanawe wa kiume alikuwa darasa la nne katika shule moja ambayo sitaitaja. Wajua mila ya Waluguru: mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba hana pa kujificha. Basi karatasi ya namna hii ilipofika, dada alinipigia simu mimi. Nikacheka. Nikasema, shilingi 500 nayo ni ya kupigiana simu? Akanijibu, "Kaka, mia tano ninayo. Nguo ndiyo sina."

Mtoto alikuwa na kaptula moja ya kuchezea, imetoboka nyuma, na fulana iliyokuwa ya binamu yake. Hakuna aliyejua hayo darasani, kwa kuwa sare yake ilikuwa safi, imepigwa pasi, sawa na ya mtoto wa daktari aliyeketi karibu naye. Siku hiyo moja ndiyo ingemwanika mbele ya watu.

Asubuhi mtoto akasema tumbo lamwuma. Mama akajua si tumbo, akamwacha alale. Jumatatu mwalimu akamwuliza mbele ya wenzake mbona hakuleta mchango wa yatima. Alikuwa nao mfukoni. Na baba yake alikuwa amefariki miaka miwili kabla ya hapo; kumbe yatima mwenyewe ndiye yeye. Tangu siku ile tumbo likamwuma kila Ijumaa, na ilituchukua muhula mzima kumponya ugonjwa huo.

Huenda utasema, karani huyu anakuza jambo dogo. Haya, tufanye hesabu. Mia tano ni kidogo kwa mtu mwenye mshahara. Nyumba yenye watoto watatu shuleni ni 1,500 kwa Ijumaa moja. Ikiwa siku hiyo hufanywa mara moja kila mwezi, kwa miezi tisa ya masomo ni 13,500. Kwa mkulima wa ufuta na mbaazi, ambaye hela huiona baada ya mavuno tu, fedha hiyo hutoka wapi mwezi wa Februari? Wewe na mimi twajua ghala huwa katika hali gani mwezi huo. Hata hivyo fedha si jambo ninalolililia zaidi.

Ninalolililia ni sare. Watu wengi hudhani sare ni amri ya kuwasumbua wazazi tu, na kweli ni mzigo. Lakini sare ina fadhila moja kubwa: huficha. Mtoto wa mwenye duka na mtoto wa kibarua wakisimama mstarini, huwezi kuwatenganisha kwa mavazi. Huko Busia, magharibi mwa Kenya, wachunguzi waliwahi kuwapa watoto maskini sare bure kwa kura, wakaona utoro umepungua miongoni mwa waliopata. Mmoja wao, Michael Kremer, alikuwa miongoni mwa watu watatu waliopata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019. Mama yeyote wa hapa Ngerengere angeweza kuwaambia neno hilo hilo bila tuzo: mtoto asiye na sare huona haya, na mwenye haya hujificha vichakani hadi wenzake watoke.

Sasa tunataka kuwavua watoto sare hiyo kwa jina la huruma!

Desturi hii ilianzia mbali. Waingereza walipokuwa India, maofisa wao wa jeshi waliziita nguo za kiraia "mufti", neno la Kiarabu tunalolijua sisi kwa maana nyingine kabisa, na shule zao zikalichukua. Mwaka 1985, wakati wa njaa kuu ya Ethiopia, wachekeshaji wa Uingereza walianzisha chama cha kuchanga fedha kiitwacho Comic Relief, na mwaka 1988 wakafanya siku yao ya kwanza ya kuvaa pua nyekundu. Watoto wa shule nchini mle huvua sare siku kama hizo, huvaa wapendavyo, nao hutoa sarafu. Sehemu ya fedha hizo ilikuja Afrika. Sitaki kuidharau sadaka hiyo, iliokoa watu. Lakini angalia tofauti. Kule mtoto ana kabati la nguo, na kuvua sare kwake ni mchezo. Hapa kwetu nguo nzuri kuliko zote aliyo nayo mtoto mara nyingi ni sare yenyewe, hata huivaa kanisani. Na hata kule Uingereza, pamoja na makabati yao, wazazi wamelalamika kwamba siku hizo zimekuwa nyingi na kwamba asiye nacho huonekana.

Wengine wataniuliza, je, serikali haikufuta michango? Ilifuta. Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada na michango ya lazima tangu elimu ya awali hadi kidato cha nne, na kazi ikaanza Januari 2016. Mwaka 2022 kidato cha tano na cha sita navyo vikaingizwa. Katikati, michango ilikuwa imerudi kwa mlango wa nyuma, hata Januari 2018 Rais Magufuli, ambaye sasa ni marehemu, akawaita mawaziri wake na kupiga marufuku michango katika shule za serikali. Alikataza mtoto yeyote kurudishwa nyumbani kwa ajili hiyo. Mzazi apendaye kusaidia kwa hiari yake aliambiwa apeleke kwa mkurugenzi wa halmashauri, walimu wasishike fedha. Waliachiwa wazazi mambo yao ya siku zote: sare, madaftari, kalamu, matibabu, na chakula cha mtoto wa kutwa.

Basi mbona karatasi zaendelea kuja? Hapa niseme kweli kwa upande wa walimu, maana mimi mwenyewe nilipita chuo cha ualimu kabla ya kuitwa kuandika vitabu vya parokia. Serikali ilipofuta ada za shule za msingi mwaka 2001, mpango wa MMEM uliofuata uliweka ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mtoto kwa mwaka, na mpango wa 2016 ukaendelea na kiwango hicho. Igawanye kwa siku 194 za masomo: hufiki shilingi 52 kwa siku. Kwa hela hiyo mwalimu mkuu anunue chaki, afanye ukarabati, atayarishe mitihani. Kisha siku moja anaona mtoto mstarini hana viatu, moyo wake wachomeka, naye hana fungu la kumsaidia. Hapo ndipo hubuni siku ya kiraia. Ubaya haumo moyoni mwake. Umo katika njia aliyoichagua, nayo ni kumfanya mtoto awe mjumbe wa deni.

Nina haki gani ya kusema hivi? Nina haki ya mtu aliyefanya kosa hilo hilo. Miaka michache iliyopita, katika parokia niliyoitumikia wakati huo, ilionekana vema majina ya wasiotoa zaka yasomwe Jumapili baada ya matangazo. Wazo hilo nililitoa mimi. Niliandika orodha kwa mwandiko mzuri, nikaisoma kwa sauti kubwa. Zaka ikapanda mwezi ule, nami nikajisifu. Katika orodha lilikuwamo jina la bibi mmoja mjane ambaye kila wiki hutoa mayai mawili au matatu, nami sikuwa na safu ya mayai katika daftari langu. Bibi hakuonekana Jumapili iliyofuata, wala ile ya pili. Nilipomwendea akanikaribisha, akanipa kigoda na maji, akasema, "Mwanangu, sikukasirika. Ila siku hizi miguu inaniuma." Ni kama tumbo la mpwa wangu. Tuliacha kusoma majina, lakini bibi yule ilimchukua muda mrefu kurudi.

Bwana wetu alimsifu mjane aliyetia sarafu zake mbili hekaluni. Lakini mjane yule hakuletewa karatasi, wala hakutumiwa mwanawe amdai. Na tulifundishwa kutoa kwa siri. Sasa siri iko wapi, ikiwa nguo za mtoto zenyewe zatangaza nani ametoa na nani hana?

Nisieleweke vibaya. Sisemi mzazi asitoe kitu. Mchango wa uji wa watoto, uliozungumzwa katika mkutano wa wazazi, kila mtu akasema alicho nacho, huyu debe la mahindi, yule kuni, mwingine siku moja ya kupika, huo ni mwema, na shule ikiudharau watoto husoma na njaa. Mzazi anayejificha nyuma ya maneno "elimu bure" huku kila jioni yuko kilabuni, huyo simtetei. Tofauti ni kwamba katika mkutano anaulizwa mtu mzima, naye hujibu kwa kinywa chake. Katika siku ya kiraia anaulizwa mtoto, na jibu lake huvaliwa mwilini.

Karatasi ikifika kwako, na huna, usimtume mtoto aseme uongo wa ugonjwa. Mvalishe sare yake safi, mpe barua fupi kwa mwalimu wa darasa, au nenda mwenyewe. Mwalimu mwenye busara hataikataa. Mtoto akirudishwa nyumbani, usigombane naye wala usimpige. Nenda kwa mwalimu mkuu, kisha kwa ofisa elimu wa kata ikihitajika, useme kwa adabu. Nawe uliyejaliwa, tafadhali usimpe mwanao noti ya 5,000 aipeperushe darasani. Ipeleke mwenyewe, bila kelele.

Mwaka jana jambo hili lilifika katika kikao cha wazazi nilichohudhuria, katika shule moja ya upande wetu huu. Mwalimu kijana, mpole na mwenye bidii, alieleza kwamba kuna watoto wawili waliofiwa na wazazi wote, hawana sare, akaomba pafanyike siku ya kiraia ili wanunuliwe. Watu wakaitikia kwa vichwa. Mimi nilikuwa natafuta maneno ya kupinga bila kumvunja moyo. Kabla sijayapata, mzee mmoja aliyeketi nyuma, mtu wa reli wa zamani, akainua mkono. Akauliza neno moja tu: "Hao yatima wawili, siku hiyo watavaa nini?"

Hakuna aliyejibu. Mwalimu mwenyewe akaangalia karatasi yake, kisha akacheka kidogo kwa haya na kuikunja.

Yaliyofuata yalikwenda upesi. Tulikubaliana kungoja mavuno ya masika, wakati kila nyumba ina kitu. Gunia lifunguliwe mdomo katika ghala la mwenyekiti wa kamati ya shule, kila mzazi apite kwa wakati wake na kumimina apendacho, mahindi au mbaazi, bila daftari la majina. Mtu mmoja akanong'ona kwamba bila majina hakuna atakayeleta. Mwezi wa Julai yalipimwa magunia mawili na nusu. Kamati ikayauza, fedha ikapita katika njia inayotakiwa na kuandikwa risiti, na fundi cherehani wa sokoni akapewa vipimo vya watoto wawili. Kilichobaki kikanunuliwa madaftari.

Watoto wale walivaa sare zao Jumatatu. Sikusikia mtu akiuliza zimetoka wapi.